Kati ya "Alijiunga" na "Alistaafu"

Katika misiba ya mkoani Singida, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu mmoja wa ukoo huitwa mbele kusoma wasifu wa marehemu. Karatasi yenyewe huwa imeandikwa usiku wa kuamkia mazishi, mara nyingi na kijana mwenye mwandiko mzuri, huku mashangazi wakibishana juu ya mwaka wa kuzaliwa. Marehemu akiwa mwanajeshi, sentensi moja haikosekani: alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka fulani, akashiriki Vita vya Kagera, akastaafu kwa heshima mwaka fulani. Msomaji anameza mate, kisha anaingia kwenye ndoa, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, na maradhi yaliyomchukua mzee.

Sentensi hiyo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba ukiitoa kwenye wasifu wa mzee wa Kiomboi ukaiweka kwenye wa mzee wa Manyoni, hakuna atakayegundua. Imebeba miaka ambayo marehemu mwenyewe aliihesabu kuwa mizito kuliko yote, na haisemi kitu. Alikuwa kikosi gani? Alifika Kampala au aliishia Masaka? Nani alilala naye kwenye handaki moja, na huyo mtu yu wapi leo?

Nayaandika haya sasa kwa sababu kizazi chenyewe kinaondoka. Aliyekwenda vitani mwaka 1978 akiwa na miaka 22 alizaliwa 1956. Aliyekwenda akiwa na miaka 30, tayari baba wa watoto wawili watatu, alizaliwa 1948. Kwa hesabu hiyo hakuna tena askari wa Kagera ambaye ni kijana, na kila wasifu unaosomwa makaburini unafunga mdomo mmoja uliokuwa na majibu.

Tushike kwanza yaliyo kwenye kumbukumbu za taifa, maana bila hayo hadithi za nyumbani hazina pa kuegemea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Jeshi ambalo lilikuwa na askari wasiofika 40,000 likafura hadi kupita 100,000 katika miezi michache. Waliojaza pengo hilo walikuwa polisi, magereza, vijana wa JKT na, kwa wingi mkubwa, mgambo wa vijijini wapatao 40,000. Januari 1979 Mutukula ilikuwa mikononi mwa Watanzania. Februari, Masaka na Mbarara. Aprili, Entebbe na kisha Kampala. Mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan, na wengi wa askari wa miguu walikuwa wameitembea sehemu kubwa ya njia hiyo kwa miguu kweli.

Singida iko katikati ya nchi. Hakuna risasi ya vita hivyo iliyosikika huku. Kutoka mjini Singida, barabara ya kwenda kaskazini magharibi inapita Iramba, inashuka mlima Sekenke, mteremko ambao madereva wa malori waliuogopa kwa miaka mingi, halafu inaingia mbuga ya Wembere na kuendelea Igunga hadi Nzega. Watu wa Manyoni na Itigi walikuwa na reli ya kati ya kuwafikisha Tabora na kutoka hapo Mwanza, na Mwanza kuna ziwa la kuvuka kwenda Bukoba. Serikali ilichukua malori na mabasi popote yalipopatikana, ya mashirika na ya watu binafsi. Kijana ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kupeleka ng'ombe mnadani alijikuta amevuka mikoa mitatu akiwa amesimama nyuma ya lori.

Tena alikuwa mtu wa nchi kavu. Singida hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka ikijitahidi, na ardhi yake ni ya mawe makubwa, mtama, uwele, alizeti na mifugo. Bukoba hupata zaidi ya mara mbili ya mvua hiyo. Ukiketi na wazee wa Kagera wa mkoa huu, jambo la kwanza wanalolizungumza si adui, ni maji. Mvua ya masika isiyokatika, viatu visivyokauka, blanketi zito kama maiti, tope. La pili ni chakula: ndizi asubuhi, ndizi jioni, kwa mtu aliyezoea ugali wa uwele na mlenda. Wanacheka wanapoyasema haya. Watoto nao hucheka, na mazungumzo huishia hapo kwa sababu hakuna anayejua swali linalofuata.

Swali linalofuata, kwa maoni yangu, ni Lukaya.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Barabara hapo inapita juu ya kinamasi kipana cha mafunjo, na jeshi zima la Tanzania lililokuwa linaelekea Kampala kwa upande huo halikuwa na njia nyingine. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ilishambuliwa hapo na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, wakiwa na makombora yaliyorushwa kwa wingi kwa mpigo mmoja. Sehemu kubwa ya brigedi hiyo ilikuwa mgambo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuonja mapigano. Safu ilivunjika. Watu walikimbilia gizani, kwenye kinamasi, kila mtu na Mungu wake. Kulipokucha makamanda waliwakusanya na kuwapanga upya, na Brigedi ya 208, iliyokuwa imetangulia upande mwingine, ikageuzwa kurudi kumpiga adui kutoka ubavuni. Tarehe 11 Machi Lukaya ikarudi mikononi mwa Watanzania. Baada ya hapo njia ya Kampala ilikuwa wazi.

Vitabu vya vita huandika tukio hilo kama ushindi, na ni ushindi kweli, tena ndio mkubwa kuliko yote ya vita vile. Lakini mfikirie mwanakijiji aliyekuwa ndani yake. Miezi minne nyuma alikuwa anatayarisha shamba la mtama. Usiku ule alikimbia, pengine akiacha nyuma rafiki. Asubuhi alirudi kwenye mstari akiwa na bunduki ileile. Mtu kama huyo akirejea nyumbani atasimulia nini barazani? Akisema alikimbia, vijana watamcheka. Akisema hakukimbia, atakuwa amesema uongo mbele ya nafsi yake, na wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba niliowafahamu hawapendi kusema uongo juu ya wafu. Basi anasimulia habari za ndizi na mvua.

Kwangu mimi ujasiri wa mtu huyo hauko kwenye usiku bali kwenye asubuhi. Kukimbia makombora ni akili timamu. Kurudi ndiko kunakohitaji kuandikwa kwenye wasifu, na ndiko ambako hakuandikwi kamwe, kwa sababu ili kukuandika lazima kwanza uandike kwamba alikimbia.

Divisheni ya 20, iliyobeba mzigo wa barabara ya kwenda Kampala, iliongozwa na Jenerali David Musuguri, na huyu nina sababu ya kumtaja hapa ingawa hakuwa mtu wa Singida. Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Mwaka 1942 aliingia King's African Rifles, lile jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya, akatumikia Madagaska wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kutoka Tanganyika peke yake walichukuliwa watu zaidi ya 80,000 kwenda vita vile, na mikoa ya kati ilitoa wa kwake. Ndiyo maana mpaka leo kuna koo ambazo jina la Bama, yaani Burma, linatajwa kama kijiji cha jirani. Idi Amin naye alipitia jeshi hilohilo la mkoloni, akiingia mwaka 1946. Wanaume wawili waliofundishwa kupiga kwata na bwana mmoja walikuja kukutana kama maadui zaidi ya miaka 30 baadaye.

Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alistaafu, akarudi kwao Butiama, akaishi miaka mingine 36. Alipotimiza miaka 100 taifa lilimkumbuka, na alipofariki tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, magazeti na redio zilisimulia maisha yake tangu Keya hadi Kampala. Familia yake haikuhitaji kuhangaika na karatasi usiku wa kuamkia mazishi. Kila alichofanya kilikuwa kimeandikwa mahali, kwa sababu alikuwa jenerali.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya baba na baba. Askari wa kawaida wa jeshi la kudumu angalau ana namba yake ya jeshi, vyeti, na pensheni inayothibitisha kwamba aliwahi kuwapo. Mgambo wengi hawana hata hivyo. Waliitwa kutoka vijijini, wakafunzwa, wakapigana, wengine wakaingizwa jeshini moja kwa moja, na waliobaki wakarudishwa makwao kuendelea na jembe. Suala la haki zao limeulizwa bungeni mara nyingi, na wabunge wa vyama tofauti, na huwa linajibiwa kwa lugha ya taratibu na kumbukumbu. Silaumu mtu kwa hilo. Kumbukumbu zikikosekana, ofisi haina cha kushika. Nasema tu kwamba mzee anayedai kwa kinywa mbele ya ofisi inayotaka karatasi ameshindwa kabla hajakaa kwenye benchi. Watoto wake, waliosoma kwa nguvu zake, wangeweza kumsaidia mapema kwa kuandika majina ya makamanda wake, kituo alichofunzwa, tarehe alizokumbuka na majina ya wenzake walio hai wanaoweza kumshuhudia.

Halafu kuna miaka ya baada ya vita, ambayo kwa mtoto ndiyo yenye baba. Askari walirudi kwenye nchi iliyoishiwa. Nyerere aliwaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mikanda, na miezi hiyo ikawa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, khanga na mafuta ya taa vilikuwa vitu vya foleni. Mwanamume aliyekuwa ameona Kampala, mji wenye maduka na taa, akarudi kwenye nyumba ya tembe asiweze kumnunulia mkewe kipande cha sabuni. Wengine walibaki Uganda na vikosi vyao hadi 1981, na barua zilichukua majuma kufika. Kipindi chote hicho mashamba yalilimwa na akina mama. Ng'ombe walichungwa, watoto walipelekwa kliniki, michango ya kijiji ililipwa. Wasifu wa mama zetu nao haujui kulisema hili. Husema tu kwamba aliolewa na marehemu mwaka fulani na kujaliwa watoto saba.

Mtu yeyote aliyelelewa na mwanajeshi anazijua alama zake. Kitanda kinatandikwa kabla jua halijatoka. Viatu vya shule vinang'arishwa jana yake. Ukitumwa unarudi na jibu, huji na hadithi. Wakati wa chakula hakuna kulalamika chumvi. Mlangoni kuna koti la zamani ambalo hakuna ruhusa ya kulichezea, na ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za sikukuu, kuna medali kwenye kitambaa. Baba huyohuyo ndiye aliyekuwa akisimama barabarani, mkono kwenye paji la uso, gari la bendera lilipopita, nasi tukiona aibu mbele ya wenzetu. Aibu hiyo leo wengi wetu tungeilipia tuirudishe.

Nisiwapambe. Si kila aliyerudi alirudi mzima wa moyo. Kuna waliokunywa pombe hadi shamba likageuka pori. Kuna waliopiga kelele usingizini, na mke akajifunza kumwamsha kwa mbali, kwa kumwita jina, si kwa kumgusa. Wengine walikuwa wakali mno kwa watoto wa kiume, kana kwamba vita vingerudi kesho na vijana hawajawa tayari. Siku zile hakukuwa na mtu wa ushauri nasaha katika zahanati ya kijiji. Kulikuwa na mganga, padri, shehe na kilabu cha pombe. Baba anaweza kupendwa sana na bado haya yakawa kweli juu yake. Ukiyaficha kwenye wasifu unamlinda, naelewa, ila wajukuu watakuja kurithi ukali usio na asili, wakidhani ni tabia ya ukoo.

Mkoa wa Singida, isitoshe, hauna kisingizio cha kusema hatujui kukumbuka mashujaa. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa ni Liti, kwa heshima ya Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi zinasema aliwatumia nyuki. Liti hakuwa na namba ya jeshi, hakupewa cheo wala pensheni, na hakuna ofisi iliyokuwa na jalada lake. Jina lake limefika uwanjani kwa sababu bibi alimwambia binti na binti akamwambia mjukuu, kwa zaidi ya miaka 100. Leo mashabiki wanalitamka, wengine bila kujua ni la nani. Hata hivyo limefika.

Taifa nalo lina siku yake, tarehe 25 Julai. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na baada yao hufuata shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Miaka ya karibuni shughuli hiyo imekuwa ikifanyika Dodoma, jirani zetu kabisa. Ni ibada nzuri na ina uzito wake. Pia ipo Kaboya, wilayani Muleba, yalipo makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vile. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi walioshuhudia vita hivyo kwa karibu, waliandika kuwa Tanzania ilipoteza wanajeshi 373, wakiwamo waliokufa kwa ajali. Kwa hiyo waliokufa wana mnara, makaburi na tarehe. Waliorudi wakafa polepole, nyumbani, kwa presha na sukari na umri, hawana tarehe. Wana watoto tu.

Na foleni ya wanaorudi kutoka vitani haijaisha. Baada ya Kagera wapo waliokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1980, Komoro mwaka 2008, Darfur, Lebanoni na Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wetu 14 waliuawa kwa shambulio la usiku mmoja huko Semuliki, mashariki ya Kongo. Wenzao walionusurika ni vijana. Watoto wao wako shule ya msingi sasa hivi, na makosa tuliyofanya sisi kwa wazee wa Kagera wanaweza kuyafanya wao bila shida yoyote, kwa picha 3,000 ndani ya simu na bila neno moja lililoandikwa.

Kazi yenyewe si kubwa. Mzee wa jeshi hapendi kuulizwa "ilikuwaje vitani". Swali hilo ni pana mno na linamtaka awe shujaa. Muulize vitu vidogo. Muulize kombania yake ilikuwa na watu wangapi, nani alikuwa sajini wao, walivukaje mto baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa, walilala wapi siku ya kwanza ndani ya Uganda, nani alipika, barua ya kwanza kutoka nyumbani ilimkuta wapi. Anza na viatu. Mwanajeshi yeyote ana habari za viatu, na kutoka kwenye viatu atafika mwenyewe anakotaka kufika. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikataa kusema kuhusu usiku fulani, andika kwamba alikataa, maana hilo nalo ni sehemu ya maisha yake. Mke wake akiwapo, muulize yeye peke yake baadaye. Atasahihisha nusu ya uliyoambiwa, na mara nyingi yeye ndiye mwenye tarehe sahihi, kwa kuwa anazihesabu kwa mimba na mavuno.

Kisha vyeti. Toa nakala ya kila karatasi yenye muhuri, hata ile iliyoliwa na mchwa pembeni. Piga picha medali mbele na nyuma. Andika namba ya jeshi mahali ambapo watoto zaidi ya mmoja wanapajua. Kama baba ameshatangulia, tafuta mwenzake aliyekuwa naye kikosini. Katika kila tarafa ya mkoa huu bado wapo wachache, na mzee wa namna hiyo akiulizwa habari za rafiki yake husema mengi kuliko akiulizwa habari zake mwenyewe.

Wewe unayesoma gazeti hili Jumapili ya leo ukiwa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, na baba yako mstaafu yuko Ilongero, Ndago, Nkungi au Itigi: mpigie simu jioni hii, baada ya taarifa ya habari anayoisikiliza. Usimwulize afya kwanza. Mwulize namba yake ya jeshi, na uwe na kalamu.